Uzito wa Mkono Laini

Siku ya kuthibitisha matokeo, Tulinagwe alifika shuleni kabla ya mtu yeyote, akaukuta Mzani umekesha peke yake, unapumua. Ndivyo watu wa Lusungwe walivyosema, kwamba unapumua, kwa sababu ya ile feni yake ndogo ya ndani iliyovuta hewa na kuitoa taratibu kama mzee aliyelala baada ya kushiba. Alivuta kiti cha darasa la tatu, akakaa, magoti yakampanda hadi kifuani, akautazama. Meza ya chuma, juu yake kioo cheusi kipana kama sinia, na ndani ya kioo mchoro hafifu wa kiganja. Basi. Kitu hicho ndicho alichokipigania tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa kimekuja, kimewekwa darasani, na yeye hakuwa na nguvu hata ya kukifuta vumbi.

Asiyejua nchi ile ilikotoka angemwona mwendawazimu. Mtu anapigania mashine? Lakini Tulinagwe alikuwa na ugonjwa wa kutosahau. Alikumbuka uchaguzi wa masanduku, pale masanduku ya Lusungwe yalipookotwa mtoni, karatasi za watu zikielea kama makapi. Alikumbuka uchaguzi wa giza, umeme ulipokatika katikati ya kuhesabu na kurudi ukiwa na mshindi. Alikumbuka uchaguzi wa kompyuta, redio ilipotangaza matokeo ya kituo ambacho foleni yake ilikuwa bado imefika barabarani. Na kuliko yote alikumbuka mwaka ule mumewe Asajile alipokwenda bomani kudai kura zihesabiwe upya, akarudishwa nyumbani ndani ya blanketi la mahabusu. Mkuu wa wilaya wakati huo aliitwa Mwasenga. Juzi Mwasenga huyo huyo alikuwa jukwaani anaomba ubunge, mvi zimemkaa vizuri, anataka radhi kwa kila mtu isipokuwa kwa mwenye blanketi.

Hapo ndipo fikra ya Tulinagwe ilipozaliwa, yeye aliyeishia darasa la nne na kujisomea sheria kwenye magazeti ya kufungia dagaa. Ukihesabu vichwa, alisema, mwizi atanunua vichwa, maana kichwa ni rahisi, kilo ya sukari unakipata. Moyo haununuliki. Basi tusihesabu, tupime. “Pima, usihesabu.” Aliyasema maneno hayo sokoni, kanisani, rumande, mbele ya mahakimu waliokuwa wakipiga miayo. Walimcheka hadi wakachoka kumcheka. Kisha vijana wa chuo kikuu wakaja na kioo kinachosoma kiganja, bunge likapitisha sheria huku limekunja uso, na kwa mara ya kwanza kura ya raia ikapewa uzito. Aliyechagua kwa moyo wote alihesabiwa ratili nzima. Aliyenunuliwa, aliyelazimishwa, aliyebofya tu ili aondoke, alishuka mpaka robo. Chini ya robo hakushuka mtu. Sheria ilikubali kwamba hakuna binadamu asiye na moyo kabisa, na kifungu hicho Tulinagwe alikuwa amekidai mwenyewe.

Na Tume ilimtafuta nani awe Msimamizi wa Mzani jimboni Lusungwe? Yeye. Ambaye mkono wake usipowekwa kwenye kioo adhuhuri ya siku ya pili, hakuna mbunge.

* * *

Hemedi, fundi wa Tume, aliingia na chupa ya chai akimpa shikamoo. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye baridi ya kudumu. Tangu alipopanda milimani hakuwa amevua koti, hata kulala alilala nalo. Alimmiminia mama chai, akagusa ukuta, na matokeo yakajitandaza juu ya ubao wa chaki kama shuka iliyoanikwa.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa vichwa, ambao sheria iliuacha uonekane kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kwa vichwa Mwasenga alikuwa mbele, tena mbele sana. Mstari wa pili ulikuwa wa ratili. Kwa ratili mbele alikuwa Ambakisye, kwa ratili hamsini na kitu.

Tulinagwe aliusoma mstari ule wa pili mara mbili. Ambakisye alikuwa mdogo wake wa harakati. Walifungwa pamoja, walilala sakafu moja, na siku Asajile aliporudishwa, Ambakisye ndiye aliyelishika lile blanketi upande wa kichwa. Mwanamke aliyengoja siku kama hii alipaswa kupiga vigelegele. Alijisikiliza, akaona kilichomo ndani ni usingizi.

“Kura zake zimetoka mabondeni,” Hemedi alisema, akionyesha kwa kifuniko cha chupa. Kule mjini kwa madereva, mafundi na wenye maduka, ratili zilikuwa nzima nzima. Vijiji vya mlimani, kule kwenye chai, vilikuwa vyekundu: robo, robo, robo, kijiji kizima robo, kama watu walipiga kura wakiwa wamelala.

Ambakisye alipofika, suti imemkaa na sauti imemkauka kwa wiki nne za kampeni, hakuhitaji kuelezwa. Alimkumbatia dada yake, akamwinua kwenye kile kiti cha watoto.

“Kura za sukari hizo, dada. Mwasenga aligawa sukari mlima mzima, na Mzani umewanusa. Si ndiyo kazi uliyoutuma?”

Tulinagwe alikubali kwamba ndiyo kazi aliyoutuma. Ilikuwa kweli. Sukari ilipanda mlimani kwa magunia, kila mtu aliiona. Lakini kitu kilimwasha kama unyasi ndani ya blauzi. Wala rushwa ni watu wa kila aina, mwingine hula akasema asante, mwingine hula na kukupiga chenga. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona kijiji kizima kikikosa hata mkaidi mmoja. Alimuuliza Hemedi Mzani unasoma nini hasa.

Fundi alieleza kwa raha, kama anayesifu mwanawe. Unasoma mapigo ya damu, alisema, na jasho, na mishipa ya kiganja inavyokaza, na mboni ya jicho. Mwenye hakika hubonyeza. Hajui kwamba anabonyeza, lakini hubonyeza, na huku anatazama. Mwenye mashaka mkono wake hulegea na macho hukimbia. Haukukosea mara moja wakati wa majaribio, na majaribio yalifanywa kwa watu laki nzima.

“Watu wa wapi?” Tulinagwe aliuliza.

“Wa mji mkuu, mama. Ndiko chuo kilipo.”

* * *

Sheria ilikuwa na mlango mmoja wa nyuma. Mpiga kura aliyepimwa chini ya nusu aliruhusiwa kurudi kabla ya adhuhuri kupimwa upya. Chaguo lake halikubadilika, lilibaki limefungwa humo humo ndani ya kioo. Kilichobadilika ni uzito tu. Mlango huo haukuwa umetumiwa na mtu popote nchini. Nani atatoka kwake aje aseme mbele za watu kwamba moyo wake ulikuwa mwepesi?

Jua lilipoanza kuula ukungu, wanawake wa mlimani waliteremka. Walipita katikati ya mashamba ya chai, ambako mashine za kuchuma zilitambaa juu ya vichaka kama kobe, kazi waliyoifanya wao zamani kwa vidole. Walikuwa wengi, zaidi ya mia, khanga zimefungwa kwa heshima ya kwenda ukweni. Mbele yao alikuwa Bi Sekela, mwanamke aliyepita themanini, mwembamba kama mpini, na kichwani alikuwa na mkungu mdogo wa ndizi mbivu.

Walibisha hodi mara tatu ingawa mlango ulikuwa wazi. Tulinagwe alipiga goti, akamwamkia. Bi Sekela aliutua mkungu mbele ya Mzani, si mbele ya Tulinagwe, akarudi nyuma hatua mbili bila kuupa mgongo.

“Tumesikia ameikataa mikono yetu,” alisema kwa sauti ya chini. “Tumekuja kuomba radhi. Kama kuna tuliyemkosea, atuambie.”

Hemedi alitaka kucheka, akaona nyuso zao, akajifanya anakohoa. Tulinagwe akasema hakuna kosa, mama, sheria inawaruhusu kupimwa tena, karibu utoe mkono.

Bi Sekela akasogea, akapiga magoti yote mawili juu ya sakafu ya sementi. Mkono wa kushoto akaushikisha chini ya kiwiko cha kulia. Macho akayateremsha mpaka kwenye miguu ya meza. Kisha kiganja chake akakiweka juu ya kioo, kimelegea, laini, chepesi kama jani, kama kitu alichokabidhi na kusahau.

Mzani ukavuta pumzi, ukaitoa. Robo.

Tulinagwe aliutambua mkono ule. Alizaliwa mlima huo huo, na mkono huo alifundishwa na mama yake kabla hajajua kutembea vizuri. Mkubwa habinywi mkono wake. Unampa wako, anautwaa apendavyo, na macho unayaweka chini. Kumbana mkubwa kiganja huku unamkodolea macho ni kumwambia nakungoja ufe, na watu wameshatozwa mbuzi kwa hilo. Watu wa mabondeni waliliacha zamani. Mlimani hawakuliacha.

Na nani aliyewaambia kwamba Mzani ni mkubwa wao? Alikumbuka, maana kusahau hakujui. Ni yeye. Alipopanda kule mwezi mzima kuutangaza, aliwakuta wanaogopa, wanasema kioo kitawanyonya damu. Akawaambia wasiogope, huyu ni mzee mwenye busara amekuja kukaa nasi, anasikiliza kila mtu sawasawa, mpokeeni kama mnavyowapokea wazee. Wakapiga makofi. Akateremka amefurahi. Nao siku ya kura wakampokea mzee huyo kama walivyoagizwa, mlima mzima, mwenye chama na asiye na chama, mla sukari na mkataa sukari.

Alimwinua Bi Sekela, akamketisha, akamwomba ruhusa ya kuuliza neno lisilopaswa kuulizwa. Mama, ile sukari mliila?

“Tuliila. Ilikuwa nzuri.” Bi Sekela alizikunja khanga zake. “Na sabuni ya huyu wako tulifulia. Nayo nzuri, ina povu.”

Wanawake nyuma wakacheka chinichini. Tulinagwe hakuwa amesikia habari ya sabuni. Aligeuka kumtafuta Ambakisye kwa macho, akamkuta amesimama mlangoni anaitazama kofia yake.

“Sasa, mwanangu, kwa kuwa umeuliza na mimi ni mtu mzima sifichi,” Bi Sekela aliendelea, “mimi nilimpa Mwasenga. Na hawa sidhani kama wengi walinipinga. Mwasenga ni mwizi, tunamjua tangu akiwa kijana. Lakini ni mwizi anayekuja msibani. Alikuja kwa marehemu mume wangu, akakaa chini kwenye majani, akalia. Pengine alilia uongo, lakini alilia na sisi. Huyu wako amesoma, anasema kweli tupu, na hatujamwona kwenye kaburi la mtu. Akija, anakuja na kipaza sauti.”

Alisema hayo bila hasira, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Kama kulikuwa na moyo mzima ndani ya darasa lile, ulikuwa huo.

* * *

Ambakisye alimvuta dada yake nje, kwenye kibaraza, chini ya kengele ya shule iliyotengenezwa kwa rimu la gari. Kwanza alizungumzia sabuni. Ilikuwa wazo la vijana wa kampeni, alisema, na kwa vyovyote sabuni haihesabiki rushwa, ni usafi. Akaona sabuni haisongi mbele, akaiacha.

Alikuwa ameshaelewa kila kitu, maana hakuwa mjinga. Wale wanawake wakifundishwa kubonyeza, ratili hamsini zitayeyuka kabla jua halijafika utosini. Wasipofundishwa, watapimwa robo tena, watarudi zao na baraka za mzee, hakuna aliyeumia. Hakumwomba aibe. Hakumwomba aseme uongo. Alimwomba anyamaze mpaka adhuhuri.

“Tukishaingia tutaurekebisha, dada. Siku ya kwanza bungeni, hoja ya kwanza. Wewe mwenyewe utaiandika. Lakini kwanza tuingie.”

Tulinagwe alishika nguzo ya kibaraza. Maneno hayo aliyajua hata harufu yake. Waliyasema waliofukuza wakoloni, kama baba yake alivyomsimulia. Waliyasema wale wa uchaguzi wa masanduku, na waliofuata baada yao, waliosema masanduku ni ya kishenzi, wakaleta kompyuta. Kila mmoja aliuona ufa, kila mmoja alikuta ufa umeelekea upande wake, na kila mmoja akasema acha tupitie hapo mara hii tu, halafu tutauziba. Nchi nzima ilijengwa kwa mara hii tu.

Alimwambia hivyo, kwa maneno machache, maana pumzi ilikuwa haba. Sauti ya Ambakisye iliyokauka ilipasuka katikati.

“Nililibeba lile blanketi. Wewe ulikuwa umezimia. Mimi ndiye niliyemwona Asajile alivyokuwa. Unataka nimpishe kiti mtu yule kwa sababu bibi mmoja ana adabu?”

Tulinagwe alimwona Asajile, si kwenye blanketi, bali asubuhi ile anatoka, anatafuta kiatu cha pili, anamwambia usiniwekee uji. Alikwenda kudai nini? Hakwenda kudai mgombea wake ashinde. Mgombea wake alikuwa ameshashindwa, na Asajile alilijua hilo, alilisema mezani akicheka. Alikwenda kudai zihesabiwe. Hilo tu. Watu waliotoka kwao wakasimama juani, na wahesabiwe.

Kwa miaka mingi Tulinagwe alikuwa amelisimulia jambo hilo vingine.

“Alikufa kwa ajili ya kura za watu,” alisema. “Hakuwauliza wamempa nani.”

Akaingia ndani. Ambakisye hakumshika mkono. Alikaa kwenye ngazi, akaivua tai yake, akaanza kuikunja.

* * *

Kuwaeleza kulikuwa kazi. Tulinagwe alisimama mbele ya wanawake wale akawaambia lazima wakibonyeze kioo kile na kukitazama usoni. Mmoja akasema hawezi. Mwingine akasema mumewe akisikia. Bi Sekela alikubali kujaribu kwa kuwa ameagizwa, akapiga magoti, akakaza taya, lakini mkono wenyewe ulikataa. Ulipogusa kioo ulilegea kama uliokatwa mishipa. Miaka themanini na zaidi ya adabu haitoki kwa amri.

“Mama, si mtu. Ni chuma,” Hemedi alisema.

“Wewe ni mgeni, mwanangu,” Bi Sekela alimjibu kwa upole. “Hata ngoma ni ngozi. Lakini ngoma ya chifu huipigi teke.”

Tulinagwe alikaa tena kwenye kile kiti cha darasa la tatu. Uchovu ulikuwa umemfika mahali ambapo hata hasira yake ya kudumu, rafiki yake wa miaka yote, ilikuwa imejilaza pembeni. Aliusikia Mzani unapumua. Kisha aliuliza swali, na aliuliza tu kwa sababu hakuwa na lingine.

“Hemedi. Kitu hiki kimetengenezwa lini?”

“Hiki hapa? Kilitoka kiwandani baada ya mvua za masika. Kina miezi saba, minane hivi.”

Tulinagwe akageuka taratibu. Akapiga goti mbele ya Bi Sekela, kwa vile alichotaka kusema hakisemwi umesimama.

“Mama, niliwadanganya. Nilisema ni mzee. Sikuwa nimemuuliza umri. Ana miezi minane.”

Bi Sekela alimtazama, akautazama Mzani, akamtazama tena. Alitaka kuhakikisha. Miezi minane? Hata mwaka? Hata mwaka, mama. Hajaota meno? Hemedi, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba hajaota hata moja.

“Loh,” Bi Sekela alisema. “Kumbe mjukuu.”

Aliinuka. Alijipangusa magoti, na alipomaliza kujipangusa alikuwa mtu mwingine, mrefu zaidi. Maana mlimani mtoto haamkiwi kwa mkono laini. Mkono wa mtoto unakamatwa, unabanwa mpaka ajue kuna watu kabla yake, na unamtazama ndani ya jicho mpaka yeye aangalie chini. Bi Sekela alikisogelea kioo akiwa wima, akakishindilia kiganja, vidole vyake vya kuchuma chai vimekaza kama mizizi, akakiinamia uso kwa uso.

“Hujambo wewe,” akakiambia. “Wa nani?”

Mzani ukavuta pumzi, ukakawia, ukaitoa. Ratili nzima.

Kicheko kilichopanda darasani kilitoa vumbi darini. Wakapanga foleni. Kila mmoja aliinuka, akamkamata mjukuu, akamwuliza hali, mwingine akamwonya asiwe msumbufu kama wenzake wa kwenye chai. Ratili, ratili, robo tatu kwa mmoja aliyekuwa na yabisi ya vidole, ratili. Tulinagwe alikaa akisikiliza. Juu ya ubao wa chaki ule mstari wa pili ulitambaa kuelekea wa kwanza, na kila ulipotambaa ulikuwa unamtoa Ambakisye kitini na kumkalisha Mwasenga. Alijilazimisha kuutazama mpaka ulipopita. Ulipita bila kelele, katikati ya salamu za mwanamke mmoja aliyekuwa akiuliza kama mjukuu ameshakula.

* * *

Adhuhuri ilipofika ulikuwa umebaki mkono mmoja, wa Msimamizi. Hemedi akamwonyesha mahali pa kuuweka. Sheria ilitaka Msimamizi athibitishe, na uthibitisho wake nao upimwe, ubaki kwenye kumbukumbu za nchi. Kifungu hicho pia alikidai mwenyewe, enzi zile akiamini kwamba mtu mkweli huwa mzito daima.

Aliuweka. Aliwaza kubonyeza, kwa heshima ya kazi, lakini kiganja kilikuwa kimechoka kabla ya kichwa chake. Mzani ukampima.

“Robo, mama,” Hemedi alisema kwa aibu, kana kwamba kosa lilikuwa lake. “Inakubalika, lakini itabaki hivyo. Watu watakaosoma baadaye watasema hukuwa na hakika. Unaweza kurudia.”

“Iache hivyo.”

“Lakini unayo hakika.”

“Ninayo. Imechoka tu.” Aliutoa mkono, akaufuta kwenye sketi. “Na chini ya hapo waandikie huko kwenu Tume kwamba ule mstari wa kwanza wasiufute. Ule wa vichwa. Waurudishe juu, huu wa pili wauondoe. Mwizi akinunua vichwa tutapambana naye mwizi. Hiki kitoto hakiwezi kutupimia watu.”

Hemedi alimtazama mwanamke aliyeanzisha “Pima, usihesabu”. Akaandika.

Simu ilianza kuita mezani. Ilikuwa namba ya Mwasenga, bila shaka anataka kushukuru, pengine na kulia kidogo. Tulinagwe aliiacha iite. Atakwenda kwake mwenyewe, kwa miguu, siku akiapishwa, na atalichukua lile blanketi ambalo bado lipo ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda, atalitandika mlangoni pake na kukaa juu yake. Hilo lilikuwa la wiki nyingine. Leo hakuwa na miguu ya kumfikisha.

Nje, wanawake walikuwa wanajifunga khanga waanze kupanda. Ndizi walimwachia mjukuu. Bi Sekela alimpita Ambakisye pale ngazini, akasimama, akamtazama alivyojikunyata na tai yake mkononi kama mtoto aliyefukuzwa shule. Hakumwambia yeye. Kwa adabu alimwambia Tulinagwe, aliyekuwa ametoka mlangoni, juu ya kichwa chake.

“Kesho tunamzika mama yake Lutengano, kule juu, penye kanisa la zamani. Mwambie yule wako aje. Kile cha kupigia kelele akiache nyumbani.”

Akaondoka, na khanga zikapotea moja moja kati ya vichaka vya chai, mashine zikiwapisha njia.

Tulinagwe alikaa ngazini, kwa zamu, goti moja kisha la pili. Walikaa bega kwa bega, watu wawili walioshindwa na mambo yao wenyewe. Ambakisye hakumtazama. Alikuwa na haki ya kutomtazama, na huenda asingemtazama kwa muda mrefu.

“Msibani mlimani mtu huenda na nini?” hatimaye aliuliza, akiitazama barabara.

“Kuni,” Tulinagwe alisema. “Unabeba mwenyewe.”

Akayafumba macho yake juani. Baada ya muda akamsikia akiinuka, akienda nyuma ya jiko la shule, akiuliza watu wa pale kama kuna shoka.